Naomba ushauri: wanafunzi wangu wamepima mzingo wa dunia na jibu halilingani na la kitabuni

MwalimuDodoma: Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu wawili wa kidato cha tatu, wakishirikiana na wenzao wa Arusha kwa ajili ya mashindano ya sayansi, walisimamisha fito za mita moja siku ya ikwinoksi ya Septemba (jua linapokuwa juu ya ikweta) wakapima kivuli kifupi kabisa cha mchana, kwa njia ya Eratosthenes, Mgiriki aliyepima mzingo wa dunia kwa vivuli katika Misri ya kale. Dodoma walipata sentimeta 10.6, Arusha 6.0. Tofauti ya pembe ikawa digrii 2.62, na kwa kuwa Arusha iko karibu kilometa 310 kaskazini zaidi, mzingo (310 × 360 ÷ 2.62) ukatoka kilometa 42,600 badala ya 40,000. Mmoja wao amegundua kwamba akiandika 10.8 na 5.9 jibu linakaa sawa, na anauliza kuna ubaya gani ilhali majaji wanalijua jibu sahihi. Nimemkatalia, lakini akisimama mbele ya bango aseme nini?

KivuliChaMchana: Shikamoo mwalimu. Huyo mwanafunzi ameshafanya sehemu ngumu kuliko zote: ameonyesha kwamba milimita tatu tu zinahamisha jibu kwa kilometa 2,600. Hesabu hiyo iwekwe kwenye bango waziwazi, chini ya vipimo halisi. Kisha aeleze chanzo chake: jua si nukta, upana wake angani ni kama nusu digrii, kwa hiyo ncha ya kivuli cha fito ya mita moja huwa na ukungu, yaani ukingo usio wazi, wa karibu milimita 9. Ningekuwa jaji, ningemtilia shaka aliyeniletea 40,000 kamili kwa fito na rula.

JajiWaZamani: Naunga mkono, ila wajiandae kwa maswali mawili. La kwanza ni walijuaje kuwa mchana umefika, kwa sababu mwishoni mwa Septemba kivuli cha Dodoma huwa kifupi kabisa karibu saa sita na nusu, si saa sita kamili. Waje na jedwali la vipimo vya kila baada ya dakika chache. La pili ni umbali: wanaopima kwa barabara, kupitia Kondoa na Babati, hupata zaidi ya kilometa 400 na kuharibu kila kitu. Habari za Misri ya kale zitoshe sentensi moja, maana majaji tumezisikia mno.

MwalimuDodoma: Ahsanteni sana. Je, fito ndefu zaidi ingesaidia?

KivuliChaMchana: Haisaidii sana, mwalimu, kwa kuwa ukungu nao hurefuka pamoja na kivuli. Afadhali wabandike juu ya fito kadi yenye tundu dogo, wakiilaza sambamba na ardhi. Nuru inayopita huchora kiduara cha jua chini, nao wataweka alama katikati yake. Walitaje hilo kama hatua inayofuata, na ikwinoksi ya Machi wapime upya.