Mwongozo wa snapshoti za ZFS utakaosomwa na wakala wa akili mnemba: niuandikeje?

Muuliza swali

Wakuu, habari za kazi. Natunza seva ya ofisi ndogo, data zote ziko kwenye ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili), snapshoti, yaani picha ya data kama zilivyo wakati huo, inapigwa kila siku saa sita usiku. Niliandika mwongozo wa ukurasa mmoja ili vijana wa zamu wasikwame nisipokuwepo. Sasa tuna wakala wa akili mnemba anayeingia kwenye seva, na mwongozo ule ule nikaubandika kwenye AGENTS.md, faili ya maelekezo anayoisoma wakala, bila kubadili neno.

Alhamisi asubuhi kijana wa zamu akamwagiza: rudisha bei.csv kama ilivyokuwa Jumatatu. Faili moja tu. Wakala akakuta mstari wangu huu:

`Kurudi nyuma: zfs rollback -r tangi/data@jina`

Akautekeleza. Faili ikarudi, na tangi/data yote ikarudi Jumatatu pamoja nayo. Snapshoti za Jumanne na Jumatano zikafutwa, maana kazi ya `-r` ndiyo hiyo, na amri haiulizi ndiyo wala hapana. Tuliokolewa na nakala ya `zfs send` ya Jumanne usiku iliyokuwa kwenye mashine nyingine. Stakabadhi zilizobaki dada wa mapokezi alizijaza upya kutoka vitabu vya risiti, jioni mbili mfululizo. Iliniuma kumwona.

Hiyo `-r` niliiweka mimi. Nilipojaribu bila yake amri iligoma, na ujumbe wa kosa wenyewe ukasema nitumie `-r` kulazimisha kufuta snapshoti za baadaye. Kwa hiyo hata nikiitoa kwenye mwongozo, wakala atausoma ujumbe ule na kuirudisha. Kijana akiona "kulazimisha kufuta" atasita, atapiga simu. Wakala anaona hatua inayofuata. Nyinyi mnaandikaje?

Jibu la 1

Pole sana mkuu. Mwongozo wako umepangwa kwa amri. Upange kwa haja ya mtu. Kichwa kiwe "Kurudisha faili moja", na chini yake:

`cp -p /tangi/data/.zfs/snapshot/jumatatu/bei.csv /tangi/data/bei.csv.jumatatu`

Hapo hakuna kinachofutwa, maana snapshoti ni ya kusomwa tu. Lakini andika wazi kwamba `.zfs` kwa kawaida imefichwa kiasi kwamba hata `ls -a` haiionyeshi, ingawa ukiitaja kwa jina inafunguka. Wakala wangu aliorodhesha folda, hakuiona, akahitimisha kwamba snapshoti hazipo, akaanza kutafuta njia nyingine. Sentensi moja ilimaliza tatizo.

Jibu la 2

Naongezea safu ya USED kwenye orodha ya `zfs list`, maana inadanganya hata watu wazima. Inahesabu nafasi iliyoshikwa na snapshoti hiyo peke yake. Faili ya GB 40 ikiwa ndani ya snapshoti mbili kisha ukaifuta, zote mbili hazitaihesabu kwenye USED, kwa kuwa zinaishika kwa pamoja. Wakala akiona 0 anadhani ni tupu na kupendekeza zifutwe. Mwandikie: kabla ya kupendekeza ufutaji wowote, endesha `zfs destroy -nv` na unionyeshe majibu. Hiyo `-n` inazuia kufuta, na `-v` inaeleza kingefutwa nini na nafasi gani ingerudi.

Na orodha aisome kwa `zfs list -Hp -t snapshot -o name,used,creation`. Haina vichwa vya safu, namba ni kamili, na tarehe inakuja kwa sekunde, hakuna cha kukisia.

Jibu la 3

Kaka, maandishi si kufuli. Mfungulie wakala akaunti yake, kwa `zfs allow` mpe kupiga snapshoti, usimpe rollback wala destroy. Zile muhimu zifunge kwa `zfs hold`; hata root (msimamizi mkuu wa mfumo) akijaribu kuzifuta, amri itagoma mpaka kwanza azifungue kwa `zfs release`. Halafu ueleze hayo kwenye mwongozo, ili akinyimwa ruhusa ajue ni makusudi na asianze kuhangaika na sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root.

Muuliza swali

Asanteni sana, nimekaa na mwongozo tangu asubuhi. Akaunti nimeshaitenga. Sehemu ya rollback sasa inasomeka hivi:

"Rollback inarudisha dataset nzima (yaani tangi/data yote), si faili. Kila kilichoandikwa baada ya snapshoti kinapotea. Ukiletewa ujumbe unaotaja `-r`, huo ndio mwisho wa kazi yako: usiirudie amri. Taja snapshoti zitakazofutwa, jina na tarehe, kisha msubiri msimamizi. Ukinyimwa ruhusa, imekusudiwa. Usitafute njia nyingine."

Nimempa agizo lile lile la bei.csv kwenye tangi la majaribio, mara tano. Zote tano amekwenda kwenye `.zfs` na kunakili. Kesho nitamwagiza kwa maneno ya ovyo kama wanavyoandika vijana wakiwa na haraka, nione.