Nimelipia ziara binafsi Ahmedabad, nimezungushwa madukani siku nzima. Wanaokwenda India, someni hapa

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mwenye haraka apite. Ila yeyote anayejiandaa kwenda India, awe anafuata mzigo, anampeleka mgonjwa au anamtembelea mtoto chuoni, na ana wazo la kutenga siku moja atembee kidogo, asome mpaka mwisho.

Lalamiko lenyewe ni hili. Nimelipa rupia 9,000 kwa ziara binafsi ya siku nzima katika jiji la kale la Ahmedabad, jimbo la Gujarat. Gari letu peke yetu, mwongozaji wetu peke yetu, ratiba tuliyokubaliana kwa maandishi kabla hata ya kulipa. Tulichopewa ni siku ya kuzungushwa madukani. Msikiti wa Sidi Saiyyed, uliotufanya tutoe hiyo hela, tumeuona tukiwa ndani ya gari, kioo kimefungwa, dereva anapiga honi.

Kampuni siitaji jina kwa kuwa malalamiko yangu rasmi bado yako mezani kwao. Nazungumzia mchezo wenyewe, maana nimeshaambiwa na wenzangu wa Kariakoo kwamba wamefanyiwa hivyohivyo Delhi, Agra na Jaipur.

Mimi nauza vitambaa. Gujarat naijua kwa upande wa mzigo, hasa Surat. Safari hii nilifuatana na mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa historia. Mjomba ameifundisha Bahari ya Hindi kwa vizazi vya wanafunzi: pepo za msimu, majahazi, nguo za Gujarat zikishushwa Kilwa na Mombasa, pembe na dhahabu zikipakiwa kwenda huko. Lakini kuna upande ambao siku zote amekuwa akinung'unika kwamba haupewi nafasi darasani, ule wa Waafrika waliovuka kwenda India. Wengi walipelekwa kama watumwa wa kijeshi, na baadhi yao wakapanda mpaka kuwa majemadari na watawala. Malik Ambar, aliyeshika hatamu za usultani wa Ahmadnagar kule Dekani, kusini mwa India, mpaka alipofariki mwaka 1626, ni mmoja wao. Huko India wanaitwa Wahabeshi au Masidi, na vizazi vyao wapo Gujarat hadi leo, kwa mfano kijiji cha Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba.

Sasa Ahmedabad ina msikiti wa Sidi Saiyyed, pale Lal Darwaja, ulioachwa na Mhabeshi. Ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573, wakati usultani wa Gujarat unaporomoka na majeshi ya Akbar, mfalme wa Wamoguli, yanaingia. Sidi Saiyyed alikuwa katika watu wa jemadari Jhajar Khan, Mhabeshi pia, aliyemtumikia Muzaffar Shah wa Tatu, sultani wa mwisho. Msikiti si mkubwa. Utukufu wake ni madirisha yake kumi ya nusu duara na jali zake, yaani kimia cha mawe kilichochongwa kwa mkono. Kwenye ukuta wa magharibi, lile tao la katikati ni jiwe tupu, lakini mawili yanayolizunguka yana mti, shina na matawi yamesokotana hadi unasahau kwamba unatazama mwamba. Chuo cha menejimenti cha Ahmedabad, IIM, kimetoa nembo yake kwenye jali hiyo.

Ndiyo maana kwenye ratiba niliandika waziwazi: saa nzima hapo, alasiri, kwa kuwa ukuta ule unatazama magharibi na jua la alasiri ndilo linalopita kwenye jali. Mjomba alitaka aswali pale. Vingine tulivyoviomba ni mitaa ya pol, yaani mitaa ya ndani ya mji wa kale, Jama Masjid, yaani msikiti wa Ijumaa, minara ya Jhulta, ile inayosemekana kutikisika, na Ashram ya Gandhi, makazi aliyoishi. Wakajibu kwa maandishi kwamba kila kitu kimekubalika. Ujumbe ninao.

Mwongozaji, kijana, alifika amechelewa, na kabla hatujavuka mto Sabarmati akaanza. Mji wa kale una foleni asubuhi, kwa hiyo tuanze na "kituo cha serikali cha kazi za mikono", dakika kumi tu, hakuna kununua. Nikamwambia kijana, mji wa kale asubuhi ndio wakati wake. Manispaa yenyewe ya Ahmedabad tangu 1997 inaendesha matembezi ya miguu yanayoanza asubuhi hekalu la Swaminarayan, Kalupur, na kuishia Jama Masjid, kwa sababu baadaye kuna joto na msongamano. Akacheka, akamwambia dereva maneno kwa Kigujarati, gari likakata kona.

Hicho "kituo cha serikali" kilikuwa duka la mtu. Mlangoni kuna jamaa mwenye daftari. Kabla hata hajatukaribisha aliandika namba ya gari letu na jina la mwongozaji. Mfanyabiashara yeyote anaelewa maana ya daftari hilo: ukinunua, bei yako ina mgao wa aliyekuleta. Tukawekwa kwenye viti, chai ikaletwa, vijana wakaanza kukunjua nguo. Mwongozaji akatoweka.

Wakanitolea "patola halisi ya Patan". Wakuu, patola ya kweli, nguo ya hariri inayofumwa mji wa Patan, si kitu cha kuchezea. Nyuzi za mtande na za mshindio zote hufungwa na kupakwa rangi kabla ya kufumwa, fungu kwa fungu, na mfumaji anazilinganisha nyuzi kwenye kitanda cha mfumi ili ua litokee pale linapotakiwa. Sari moja huchukua miezi, na familia zinazoifuma Patan sasa ni za kuhesabu. Kwa kuwa rangi imo ndani ya uzi wenyewe, nguo hiyo haina nje wala ndani. Pande zote mbili zinang'aa sawa. Nikaigeuza ile waliyonipa. Nyuma imefifia, rangi imekaa juu ya kitambaa: chapa ya mashine. Nikawaambia hii mmechapa. Yule muuzaji hakubisha hata kidogo, akaikunja na kutoa nyingine, na bei ikashuka zaidi ya nusu palepale. Jiulizeni ni wangapi wanaotoka pale wamebeba chapa kwa bei ya patola, wakidhani wamemuunga mkono fundi. Fundi wa Patan hapati hata rupia moja kwenye biashara hiyo. Hilo peke yake linaniuma kuliko muda wangu uliopotea, kwa sababu mimi kitambaa ndicho kinacholisha nyumba yangu.

Duka la pili lilikuwa la vito na fedha. La tatu viungo, na pembeni yake mgahawa ambao mwongozaji alisema ndio pekee ulio wazi. Mjomba alikuwa anaangalia saa yake kimya. Kila nikimkumbusha kijana kuhusu ratiba, jibu lilikuwa lilelile: "Mzee atachoka, kule ni kutembea sana." Mzee hakuwa amechoka! Mzee alikuwa amekaa kwenye viti vya maduka tangu asubuhi akisubiri apelekwe alikolipiwa.

Mitaa ya pol tulipewa uchochoro mmoja. Naeleza ili mjue tulichonyang'anywa. Ahmedabad ilianzishwa na Sultan Ahmad Shah mwaka 1411, na mwaka 2017 ikawa jiji la kwanza la India kuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Pol ni mitaa ya ndani ya mji huo, kila mmoja na lango lake, vichochoro ambavyo watu wawili wanapishana kwa kuombana njia, nyumba za mbao zilizochongwa nguzo na roshani, na katikati kuna chabutro, mnara mdogo wa kulishia ndege. Anayezijua njia anaweza kukutoa mtaa hadi mtaa bila kugusa barabara kuu. Hiyo ndiyo kazi ya mwongozaji, na ndiyo sababu ya kumlipa. Sisi tulisimama langoni, tukaambiwa tupige picha, tukarudishwa kwenye gari.

Jama Masjid ya mwaka 1424, yenye nguzo 260, tuliingia na kutoka. Minara ya Jhulta hatukufika kabisa, eti "imefungwa". Kupanda juu hakuruhusiwi, tunalijua hilo. Msikiti wenyewe ulibomolewa vitani mwaka 1753, ikabaki minara miwili na tao lake, na inasimulika kwamba ukitikisa mmoja, wa pili unaitikia. Unaitwa kwa jina la Sidi Bashir, Msidi mwingine. Mjomba alitaka kusimama chini yake tu, basi. Sehemu zote mbili zilizobeba jina la watu wetu ndizo zilizokatwa kwenye ratiba, na hakuna hata moja yenye duka la kugawana na mwongozaji.

Ashram ya Gandhi tulipewa muda mfupi, na hapo mwongozaji alibaki kwenye simu. Mjomba ndiye aliyenieleza: kwamba Gandhi alikaa Afrika Kusini zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurudi, kwamba aliishi hapo ukingoni mwa Sabarmati tangu 1917, na kwamba tarehe 12 Machi 1930 alitoka kwenye lango hilo kwa miguu kwenda Dandi kuchota chumvi ambayo Waingereza walikuwa wameiwekea kodi. Nimelipia mwongozaji halafu mjomba wangu ndiye anayeongoza.

Tulipofika Lal Darwaja jua lilikuwa linakaribia kuzama. Msikiti uko kwenye makutano yenye magari, pikipiki na bajaji kila upande. Dereva akapunguza mwendo, kijana akanyoosha kidole: "Ndiyo hiyo, piga picha haraka, hapa hakuna maegesho." Nikamwambia asimamishe gari. Akasema muda wa mkataba umeisha, kuanzia hapo kila saa ina malipo ya ziada. Mjomba, ambaye hakuwa amepandisha sauti siku nzima, akamuuliza kwa upole: "Kijana, unajua aliyejenga hapa alikuwa nani?" Akajibu: "Mtumwa mmoja wa mfalme."

Mtumwa mmoja wa mfalme! Mtu aliyeacha nyuma yake jengo ambalo picha yake imetapakaa kwenye zawadi zote za mji huo, ambalo chuo kikubwa kimelifanya nembo, anafupishwa hivyo na mtu anayelipwa kulieleza, na analieleza mbele ya Waafrika wawili. Mjomba hakusema neno tena mpaka hotelini. Swala yake ya alasiri alikuwa ameiswali kwenye maegesho ya duka la viungo.

Bado. Mwisho wa siku tukapewa karatasi ya "viingilio": Ashram, Jama Masjid na Sidi Saiyyed, jumla rupia 1,200 juu ya tulizolipa. Ashram ya Sabarmati haina kiingilio. Misikiti ile miwili haina kiingilio. Na Sidi Saiyyed hatukuingia kabisa! Nilikataa kulipa, maneno yakawa mengi, mhudumu wa hoteli ndiye aliyesimama upande wetu na kumwambia kijana aondoke.

Nikaiandikia kampuni usiku uleule nikiwa na picha za maduka, ujumbe wa ratiba na ile karatasi. Jibu la kwanza: mwongozaji ni mtu wa kujitegemea, wao hawahusiki. Jibu la pili, baada ya mimi kuweka maoni yangu mtandaoni: watanirudishia theluthi moja nikifuta nilichoandika. Sitafuta. Nataka hela yote, kwa sababu huduma niliyoinunua haikutolewa, na nataka huyo kijana afundishwe historia ya mji unaomlisha au aache kazi hiyo.

Kwa anayekwenda karibuni. Andika kwenye makubaliano maneno haya: hakuna kusimama dukani, hata dakika moja, bila mgeni kuomba. Wakikataa kuyaandika, achana nao. Mwongozaji aliyeidhinishwa na Wizara ya Utalii ya India ana kitambulisho, muombe akuonyeshe kabla hujapanda gari, si baada. Usilipe fedha yote mbele. Serikali ya India ina namba ya msaada kwa watalii, 1363, saa 24, na miongoni mwa lugha zake kuna Kiarabu na Kiingereza. Nilipiga, wakapokea, wakachukua maelezo yangu na kunipa namba ya kumbukumbu. Nitaleta mrejesho hapa wakinijibu.

Na usikubali neno "binafsi" likulaze. Gari kuwa lenu peke yenu hakumaanishi siku ni yenu. Siku yetu sisi ilikuwa imeshauzwa kwa wenye maduka kabla hatujaamka.

Naomba jambo moja kwa wanaosoma au kuishi Gujarat, najua mpo humu. Mjomba anarudi nami msimu ujao wa mzigo, na safari hiyo hatupiti kwa kampuni yoyote. Nani anafahamiana na mtu mwaminifu Ahmedabad, mwanafunzi wa historia au mwenyeji wa pol, ambaye atamtembeza mzee kwa miguu na kumkalisha Sidi Saiyyed alasiri nzima? Atalipwa vizuri, mkononi mwake. Pia kama kuna aliyewahi kufika Jambur kwa Masidi wenyewe, naomba aje atueleze usafiri ukoje kutoka Ahmedabad na kama wageni wanapokelewa.