Maji ya zizi na choo, kweli yanatoa gesi ya kupikia au napigwa?

MzeeWaKitimoto
Wakuu habari za jioni. Niko Kibaha, nina ng'ombe wa maziwa 2 na nguruwe 14 (idadi inategemea na wateja wa kitimoto hahaha). Shida yangu ni yale maji machafu, kila asubuhi kijana anaosha mabanda, tope lote linateremkia shimo la nyuma na shimo lenyewe limeshafurika, jirani kaenda kwa mjumbe mara mbili. Sasa kuna jamaa kanambia niache kuita gari la majitaka, nijenge mtambo wa biogesi na choo cha ndani nikiunge humohumo, eti nitapika bure na hadi gari nitajaza. Nyumba ina watu 9, mtungi wa kilo 15 haumalizi mwezi, maharage hayaishi jikoni. Hii kitu ipo kweli au nauziwa mbuzi kwenye gunia?

BibiWaHai
Ipo baba, mimi napikia tangu 2013. Wangu ni ule wa kuba unaochimbiwa chini, mita za ujazo 6, nilijenga kipindi kile CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha teknolojia za vijijini cha Arusha, inasimamia programu ya biogesi ya majumbani na mafundi walikuwa wengi huku kwetu. Nina ng'ombe 3 wa ndani. Asubuhi ndoo 2 za kinyesi ndoo 2 za maji, unakoroga kwa mkono mpaka iwe kama uji wa mgonjwa na unatoa majani yote, ukiacha majani yanaelea mle ndani yanafanya utando mgumu halafu unaanza kusema mtambo umekufa. Moto wake ni wa bluu na sufuria haishiki masizi. Ukiona moto unarukaruka kama unacheka, hiyo ni maji yameingia kwenye bomba, fungua koki ya kumwagia maji yatoke. Na lile tope linalotoka upande wa pili usimpe mtu, mimi ndo nalishia migomba na majani ya ng'ombe. Tahadhari moja: jirani yangu alichukua fundi wa bei rahisi, kuba likapata ufa mwembamba kama unywele, hata macho hayaoni, lakini gesi yote inaondoka. Mpaka leo limekaa kama kaburi.

Tope_Ni_Mali
Nikupe hesabu mkuu. Choo peke yake kisahau, mtu mmoja anatoa gesi lita 25 mpaka 30 kwa siku, nyie 9 mkijitahidi sana lita 250, na plate moja inakula karibu 300 kwa saa. Hapo ni chai na uji basi. Mzigo uko kwa mifugo. Ng'ombe wako 2 wakitoa jumla kilo 30 za kinyesi kwa siku unapata kama lita 1,200, na nguruwe 14 kwa kilo 2 kila mmoja ni zaidi ya hapo kidogo maana kinyesi chao kina gesi kuliko cha ng'ombe. Jumla mita za ujazo 2 na nusu hivi, na mita 1 ni kama nusu kilo ya gesi ya mtungi kasoro kidogo. Yaani kwa wiki 2 umetengeneza mtungi wako wa kilo 15. Jamaa hajakudanganya kwenye kupika.

Ila hayo maji ya kuoshea ndo yatakuua. Wale bakteria wanaotengeneza gesi wanataka tope likae humo siku 40, 50, ukimwaga maji mengi kila siku unalisukuma nje kabla halijaiva, unabaki na karo la majitaka tu la bei ghali. Kwanza kwangua na koleo, hicho ndo kinaingia mtamboni na maji kiasi chake, baadae osha na maji ya kuosha yaende kwingine. Na ile dawa mnayopuliza bandani kuogopa homa ya nguruwe isiguse mtambo, inaua bakteria wote, sabuni ya bafuni hivyohivyo.

Mdau_Kigali
Choo usikidharau hivyo ndugu yangu. Huku Rwanda magereza yanapikia gesi ya vyoo, lilianza la Cyangugu 2001 na KIST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Kigali, wakapewa tuzo ya nishati ya Ashden ya Uingereza 2005 kwa kazi hiyo. Kuni zilipungua karibu nusu.

Tope_Ni_Mali
Gereza lina maelfu ya watu mkuu, yeye ana 9 na mmoja labda yuko bweni 😂

BajajiYaGesi
Na kwenye gari je? Mi bajaji yangu Dar natumia gesi asilia, si ni kitu kilekile?

Tope_Ni_Mali
Kinachowaka ni kilekile, methani. Ila yako ya kituoni imesafishwa na kushindiliwa presha ya bar 200. Ya zizini karibu asilimia 40 ni hewa ya ukaa ambayo haiwaki, na ina ile sumu ya harufu ya yai viza inayokula chuma. Kuisafisha na kuishindilia sio kazi ya nyumbani, na asithubutu kuijaza kwenye mtungi wa jikoni. Jenereta ndogo ya petroli inawezekana, unabadilisha pale kwenye kabureta na gesi unaipitisha kwenye kopo la vyuma vyenye kutu kuondoa hiyo sumu. Halafu msimwingize mtu kwenye lile shimo kuzibua, watu wanafia humo.

BibiWaHai
Na gesi ya kwanza haiwaki, imechanganyika na hewa. Iachie nje mara mbili tatu, usiwashe kiberiti karibu. Wengi wanakata tamaa hapo.

MzeeWaKitimoto
Aisee asanteni sana. Leo nimekaa na kijana nikahesabu, anaoshea ndoo 30 kila asubuhi.

Tope_Ni_Mali
30?? Kwa mzigo wako zinatakiwa 3! Mkuu wewe ulikuwa unafuga kambale hujijui.