Ushauri: Tunataka nyaya za stima zitolewe juu ya nyumba zetu, Kiamunyi

Mkaazi_Kiamunyi:
Habari za jioni wanajamvi. Sisi ni wakaazi wa Kiamunyi hapa Nakuru. Laini ya volti 11,000 imekatiza katikati ya ploti zetu, na kwenye nguzo zizo hizo kunaning'inia laini ndogo ya kugawa stima majumbani. Nguzo mbili zimeoza shina na kuinamia barabara wanayopita watoto wa chekechea. Masika yaliyopita tawi la mkaratusi liliangukia waya, ukakatika ukalala juu ya uzio wa mabati wa jirani. Mungu alisaidia, hakuna aliyekuwa ameshika lango. Tangu hapo upepo ukivuma usiku silali.

Tumeunda kamati na tunakusanya sahihi. Wengi wanataka nyaya zote zizikwe ardhini. Tulipouliza kampuni ya stima kwa mdomo, tukaambiwa anayetaka laini ihamishwe hulipa mwenyewe. Hii ni haki kweli? Tuanzie wapi?

Sovea_Mstaafu:
Poleni sana. Kabla ya sahihi, nijibuni hili: kati ya laini na nyumba, nini kilitangulia? Laini ya 11,000 ina ukanda wa mita 10, tano kila upande. Humo hapajengwi. Kama kuna waliojenga ndani, malalamiko yenu yanaweza kuwarudia wao.

Mkaazi_Kiamunyi:
Laini ilitangulia mzee. Hapa palikuwa shamba la mahindi, mwenyewe akaligawa akauza ploti, na hakuna mnunuzi aliyeonyeshwa ukanda wowote. Nyumba kadhaa zimo ndani. Ya mama mmoja mjane, paa limekaribia waya kabisa.

Fundi_Lanet:
Kuhusu kuzika, mimi nawasihi mfikirie tena. Udongo wa Kiamunyi mnaujua: ni wa volkano, mwepesi, mvua kubwa ikinyesha ardhi hutitia na kufunguka mashimo. Kebo iliyo chini ikivutwa na ardhi inayozama huachia kwenye maungio. Ya juu ikikatika utaiona kwa macho. Ya chini lazima itafutwe kwa mitambo, kisha ichimbuliwe, na mtaa ukae giza muda huo wote. Gharama nayo ni mara kadhaa ya laini ya juu.

Ombeni kinachowezekana. Laini ndogo ibadilishwe, badala ya nyaya tupu ziwekwe zile zilizovikwa plastiki na kusokotwa pamoja. Hata tawi likiziegemea, hazigusani zikatoa cheche. Laini kubwa ihamishiwe kando ya barabara, kwa nguzo za zege. Na miti ikatwe matawi kila mwaka, lakini na wenye laini, si nyinyi na panga zenu! Waya ukianguka, msiuguse wala msiukaribie hata kama taa zimezimika. Wapigieni simu wenye laini, mwekeni mtu wa kuzuia watoto.

Wakili_Mdogo:
Tenganisheni mambo mawili. Kuhamisha laini ni ombi, na ni kweli mwombaji hupewa hesabu ya kulipa. Nguzo iliyooza ni jambo jingine kabisa: kuitunza ni kazi ya mwenye laini, nyinyi hamdaiwi hata shilingi. Andikeni barua mbili, msizichanganye. Ya nguzo iwe na picha, namba za nguzo na tarehe, na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mkinyamaziwa, nendeni EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati.

Halafu, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa raia haki ya kuitisha kumbukumbu. Itisheni hati za ukanda na ripoti za ukaguzi wa nguzo. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Bunge la kaunti nalo mnaweza kulipelekea ombi, kwa sababu usambazaji wa stima umetajwa katika Jedwali la Nne la Katiba kama jukumu la kaunti pia.

Mama_Njoro:
Huyo mama mjane ametia sahihi? Anajua kwamba anaweza kuambiwa abomoe? Tafadhali, mkae naye kwanza. Usimchukulie mtu sahihi kwa jambo linaloweza kumng'oa kwake.

Mkaazi_Kiamunyi:
Ametia, na hakuelezwa. Hata sisi hatukuwa tukijua. Nitakwenda kwake kesho na mwenyekiti. Sahihi tunazisimamisha mpaka ukanda upimwe. Barua ya nguzo haingoji, inatoka Jumatatu. Mzee Sovea, unaweza kutupimia Jumamosi?

Sovea_Mstaafu:
Nitakuja. Tafuteni ramani ya ploti na nakala ya hati ya shamba kabla halijagawanywa. Huyo mama awepo tukipima, aone kila kigingi kinapopigwa.