Nimeumia msuli wa kigimbi baada ya safari, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu, naombeni mnisaidie maana nateseka. Wiki iliyopita nimetoka Dar kuja Mwanza kwa basi, tumetoka Mbezi alfajiri tumeingia Nyegezi usiku mnene, miguu imekaa imekunjwa muda wote, sasa wakati nashuka na begi la mgongoni nikakanyaga ngazi ya mwisho vibaya, nikasikia kitu ta! nyuma ya mguu wa kushoto pale kwenye kigimbi, kama mtu kanipiga na jiwe.

Leo siku ya 9. Siku 2 za kwanza shangazi alinikanda na maji ya moto akanichua kwa nguvu, ndo ukavimba zaidi, baadae nikaambiwa nilitakiwa kuweka barafu kwanza. Duka la dawa wamenipa diklofenaki, maumivu yanapungua ila nikisimama kwa vidole siwezi kabisa, na asubuhi hatua za kwanza ni mateso.

Kinachonipa hofu, kuna mtu kaniambia kukaa sana kwenye basi kunaweza kugandisha damu mguuni na dalili zake zinafanana na msuli kuchanika, na kweli mguu bado umevimba kidogo na una joto. Kesho naenda hospitali, je niombe ultrasaundi?

Na aliyewahi kuchanika kigimbi, ulianza lini mazoezi, na yapi? Kazi yangu ni ya kusimama kutwa, siwezi kulala nyumbani mwezi mzima jamani.