Naomba ushauri: nifundisheje deni la Warumi kwa Wagiriki?

Habari zenu wakuu. Naandaa somo la sanamu za Kirumi, na kuna jambo linaninyima usingizi: je, Warumi walinakili tu sanamu za Wagiriki, au walifanya zaidi ya hapo?

Yule Mbeba Mkuki, sanamu ya mchongaji Mgiriki Polykleitos, aliyesubiwa kwa shaba huko Ugiriki yapata mwaka 440 KK, hayupo tena. Tunamjua kwa nakala za marumaru za Warumi, kama ile ya Pompeii iliyoko Napoli. Tazameni mguu wake wa kulia: umeegemezwa kigogo cha mti, maana marumaru ni nzito na huvunjika kirahisi vifundoni.

Sasa itazameni sanamu ya Augustus, mfalme mkuu wa kwanza wa Roma, iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863. Mkao ni uleule, uzito mguu wa kulia, wa kushoto umelegea nyuma. Lakini mkono umeinuliwa kama anayehutubia askari, na kwenye dirii amechongwa Mparthi (mtu wa Parthia, dola hasimu ya Roma) akirudisha bendera ya kivita ya Roma. Hiyo mimi siwezi kuiita kunakili!

Nianze na Mgiriki, au niziweke picha zote mbili pamoja wanafunzi walinganishe wenyewe? Na neno "nakala" nilitumie, au kuna linalofaa zaidi? Waliowahi kufundisha mada hii, nisaidieni tafadhali.