Sheria za madereva wapya barabara kuu: kibandiko hakimfundishi mtu kuingia!

Wadau, hili jambo linakera. Wakizungumzia madereva wapya barabara kuu, watunga sheria wanakimbilia mambo mawili: kibandiko nyuma ya gari na kupunguza kasi. Ufaransa mwenye leseni mpya anaishia kilomita 110 kwa saa pale wengine wanaporuhusiwa 130. Italia anaishia 100, miaka 3 mizima. Sawa, kasi ndogo siipingi. Ila dereva mpya anaharibikiwa pale anapoingia, kabla hata hajaifikia hiyo 100!

Angalieni kinachotokea. Mafunzo yote kafanyia mjini, kasi 40. Anafika leni ya kuongezea kasi, anaona malori, anaogopa, anakanyaga breki na kusimama mwishoni kabisa. Hapo kajifunga mwenyewe. Gari dogo linahitaji kama sekunde 10 kutoka sifuri hadi 80. Lori lenye kasi 80 linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo muda huo limeshakuja mita 220 na yeye kasogea 110 tu. Akijitosa, mwenye lori afanyeje?

Na kuingia kunafundishika! Ukiwa bado kwenye njia ya kuingilia barabara kuu unatafuta nafasi kwenye kioo cha pembeni, indiketa mapema, gia ya tatu, mafuta ya kutosha, unatumia leni yote mpaka karibu na mwisho. Geuza shingo uone upande ambao kioo hakionyeshi, kisha ingia ukiwa na kasi ileile ya waliomo. Hilo halisomwi kitabuni, linafanywa mwalimu akiwa pembeni.

Umbali wa kuacha na gari la mbele nao ni hivyohivyo. Sekunde 2 kwa kasi 40 ni mita 22. Kwa 110 ni mita 61. Jicho la mjini linaona mita 30 zinatosha. Mvua ikinyesha, zidisha mara mbili.

Ujerumani hupati leseni ya gari dogo bila vipindi 4 vya dakika 45 kwenye autobahn, yaani barabara kuu za huko. Uingereza tangu Juni 2018 mwanafunzi anaruhusiwa barabara hizo akiwa na mwalimu aliyeidhinishwa, kwenye gari lenye breki ya mwalimu. Lakini ni ruhusa tu, kwa hiyo mtu anafaulu bila kuzigusa. Ruhusa haitoshi! Vipindi hivyo viwe sharti, na mwalimu asisaini mpaka amemwona mwanafunzi akiingia na kutoka mara kadhaa, magari yakiwa mengi.